Mafunzo ya kilimo yasiishie ukumbini

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie ubia katika mafunzo ya kilimo. Kituo cha Mafunzo ya Kilimo Kilimanjaro, kilichoanza mwaka 1994 kwa ushirikiano wa Tanzania na Japani, kiliwafundisha wakulima wachache wa mpunga kusawazisha majaruba na kupandikiza miche kwa mistari, kisha wakulima hao wakarudi kwenye skimu zao za umwagiliaji kuwafundisha majirani. Njia hiyo naithamini sana, kwa kuwa ujuzi hubaki kijijini hata mgeni akiondoka.

Inasikitisha kuona miradi mingine ikileta semina ya siku mbili na posho, na fedha za mfadhili zikikatika hakuna anayerudi shambani kuuliza mbegu ziliotaje. Wabia waanze na mitandao iliyopo, kama MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima Tanzania ulioasisiwa mwaka 1993, ambayo vikundi vyake vinajua nani analima wapi. Ninaiomba Wizara ya Kilimo iweke sharti kwamba kila mkataba wa mafunzo utaje kikundi cha wakulima kitakachoiendeleza kazi hiyo, pamoja na bajeti ya maofisa ugani kukitembelea kwa misimu mitatu baada ya mradi kufungwa.

Mkulima wa mpunga,
Morogoro