Upinde wa fidla wa Mjerumani sio wa kumwagia supaglu

Mhariri, naomba nafasi nizungumze na mafundi wa hapa Mwanza, pamoja na wanakwaya na vijana wa bendi wenye fidla za zamani, maana kuna jambo linaniuma.

Nina upinde wa fidla wa Kijerumani, nimerithi kwa mjomba. Hauna jina la fundi, umegongwa tu muhuri GERMANY kwenye mti, juu ya kishikio, kile kipande cha chini nywele zinakofungwa. Kuanzia 1891 Marekani ilitaka bidhaa za nje ziandikwe zilikotoka, ndo maana pinde nyingi za enzi hizo zina hilo neno. Nyingi zilitoka Markneukirchen, mji mdogo huko Saxony ambako kina Nürnberger na Pfretzschner walijijengea jina, ila kulikuwa pia na mafundi kibao wa majumbani, huyu anachonga miti, yule anatengeneza vishikio tu, na majina yao hayapo popote. Sasa watu wakiona upinde hauna jina wanadhani takataka. Sio takataka jamani!

Ushike uone. Gramu 60 hivi tu, urefu karibu sentimita 75. Zile nzuri mti wake ni pernambuko ya Brazil, na ule mkunjo wa kuingia ndani haukuchongwa, fundi aliupasha mti moto akaukunja kidogo kidogo, akafumba jicho moja akaangalia, akarudia tena, maana ukichonga mkunjo unakata nyuzi za mti na upinde unakosa nguvu. Halafu geuza kishikio. Eboni nyeusi, na kibamba cha gamba la chaza kinachong'aa kimeingia kwenye mfereji wake bila gundi, mpaka leo nikikisukuma kwa kidole kinateleza kinatoka. Chini yake kuna kishimo, nywele za farasi 150 na zaidi zimefungwa fundo kwa uzi, zimebanwa na kabari ya mti laini iliyochongwa ikaenea shimo lile lile. Kichwani hivyo hivyo, kabari tu, kwa sababu nywele zinaisha na lazima zibadilishwe, unachokonoa kabari ya zamani unachonga mpya.

Za kwangu zilipoisha nikampelekea fundi mmoja hapa mjini, akanirudishia amefunga nailoni ya kuvulia samaki na shimo la kichwani kamwaga supaglu. Nailoni haishiki rozini, ule utomvu mkavu tunaopaka nywele ili zikwaruze nyuzi, upinde unateleza tu juu ya nyuzi, sauti haitoki. Na ile supaglu ikishaganda kuichokonoa ni kutafuta kupasua kichwa, kikipasuka ndo basi tena, maana pale mti ni mwembamba na nywele zote zinavuta hapo hapo. Simlaumu sana, nani alimuonyesha? Ila pernambuko yenyewe tangu 2007 biashara yake inadhibitiwa kimataifa, kwa hiyo tusijidanganye kwamba ukiharibika utachongesha mwingine.

Na nyie wenye pinde, legezeni skrubu mkimaliza kupiga, kila siku. Huku ziwani masika nywele zinanyonya unyevu zinarefuka, mtu anakaza, anatundika ukutani, kiangazi kikiingia zinafupika zenyewe zinavuta mti mpaka unapinda.

Ukienda makumbusho ya Bujora pale Kisesa ukaona ngoma na vyombo vya Wasukuma vilivyochongwa utajua mikono tunayo. Anayetengeneza zeze au seremala mwenye patasi kali hii kabari anaiweza kabisa, akionyeshwa mara moja tu na akawa na subira. Mhariri, nawaomba mumtafute fundi wa kazi hii mumwandike gazetini, awe Mwanza, Musoma au Bukoba, wenye pinde tumjue, na kama yupo anayesoma hapa ajitokeze, kazi ipo.

Mpiga fidla,
Nyegezi, Mwanza