Wanangu wa Tandika, deni lisemeni mapema

Wanangu, shikamoo zenu za leo asubuhi nimezipokea, marahaba. Naandika kwenye simu, mjukuu ananisaidia kubonyeza nikikwama, ila maneno ni yangu mwenyewe. Nawaandikia nyie mabinti mnaopita mezani kwangu alfajiri kuchukua vitumbua, wa saluni, wa genge, wa mama lishe, na nyie mnaowahi Kariakoo kufunga mzigo. Nawajua kwa sauti hata kabla hakujakucha. Na kuna jambo limenikaa kifuani toka wiki iliyopita.

Mwenzenu kahama usiku. Mnamjua, jina silitaji. Asubuhi mlango ulikuwa wazi, ndani limebaki godoro lililopasuka, ndoo ya njano na kiatu kimoja cha mtoto, na ilipofika saa mbili wakaja vijana wa marejesho na madaftari yao wakasimama pale wanapiga simu haipatikani. Miezi yote ile alikuwa anapita kwangu anacheka, "bibi nifungie sita", namfungia sita, kumbe ana mikopo minne, anachukua hapa analipa kule. Minne jamani. Kilichoniuma sio hela. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa anasimama mbele yangu kila siku ya Mungu, kati yetu meza tu, na hakusema, na mimi mtu mzima sikumuuliza.

Mi naamka saa tisa usiku. Mchele nimeuloweka toka jana, nimeusaga na tui na iliki, hamira imeshaumua, nawasha mkaa, nakaa pale peke yangu na chuma cha vitumbua mpaka adhana. Ni saa nzuri ya kufikiri. Wiki hii nzima nimekuwa napiga hesabu za yule binti pale jikoni, ngoja niwape na nyie.

Mtu anakwambia nakupa laki mbili. Anakata elfu kumi ya fomu, anakata elfu kumi anayoiita bima, mkononi unapokea laki na themanini. Halafu unarejesha elfu tisa kila siku kwa siku thelathini. Zidisheni wenyewe, inakuja laki mbili na sabini. Yaani kwa mwezi mmoja umelipa elfu tisini juu ya kile ulichoshika, nusu yake nzima. Sasa mimi kitumbua nauza mia mbili, ukitoa mchele, nazi, sukari, mafuta na mkaa, kinachobaki hakifiki hata themanini. Ili nipate elfu tisa ya kumpa yule kijana inabidi niuze zaidi ya mia moja na kumi kila siku, Jumapili, siku ya mvua, siku ya msiba, na hapo mimi na wajukuu hatujala. Ndo maana watu wameiita kausha damu, jina hilo halikutoka hewani.

Na sheria ipo, msidanganywe kwamba haipo. Kuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji anatakiwa awe na leseni, na Benki Kuu iliweka kwamba riba kwa hawa wakopeshaji wasiopokea amana, yaani wasiotunza akiba za watu, isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki mbili hiyo ni elfu saba. Elfu saba, sio tisini! Hata mikopo ya kwenye simu, ile ukichelewa wanatumia meseji watu wote uliowasevu mpaka mkweo, mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja hadharani programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha bila kibali. Kwahiyo ukiambiwa saini hapa, uliza leseni iko wapi. Na kadi yako ya benki na namba yake ya siri usimwachie mtu eti dhamana.

Lakini sikukaa chini kuandika kwa ajili ya riba tu. Nataka kuwaambia kuhusu kuficha.

Mimi nimeyaona maisha magumu kuliko haya, nisikilizeni. Miaka ya themanini mwanzoni, baada ya vita vya Kagera, dukani hakuna kitu. Sukari foleni, unga foleni, tunakula ugali wa unga wa njano, ule tuliouita unga wa yanga. Sabuni hamna, tunachuma majani ya mpapai tunayaponda tunafulia nguo za watoto. Mwaka 1983 ndo ikaja ile operesheni ya wahujumu uchumi ya Sokoine, waziri mkuu wa wakati ule, watu wengine wakatupa bidhaa usiku wakiogopa kukamatwa, sisi bado tunatafuta kipande cha sabuni. Ila angalieni, hakuna mwanamke aliyeona aibu kugonga mlango wa jirani kuomba chumvi, maana jirani naye jana alikuja kuomba kiberiti. Dhiki ilikuwa ya wote na ilikuwa nje barazani. Ya sasa hivi kila mtu anayo chumbani kwake kaifungia mlango, nje kapaka lipstiki, status ya simu keki na maua, ndani analia. Nadhani hiyo ndo inayowamaliza, zaidi hata ya upungufu wenyewe.

Na nasema hivi kwa sababu na mimi nilificha.

Mwaka 1996 mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, viwanda vingi vilikuwa vinauzwa kipindi kile. Mi nilikuwa na cherehani, Butterfly nyeusi, nashona sare za shule na kupindia khanga. Nikaenda kwa mkopeshaji mmoja wa mtaani nikachukua hela ya kununua vitambaa, cherehani ikawa dhamana, mume sikumwambia. Nilijiambia nitalipa kabla hajajua. Mwezi wa kwanza nikalipa, wa pili mtoto akaugua malaria, nikakopa kwa mwingine nimlipe wa kwanza. Hapo usingizi ukakata. Nikisikia hodi moyo unaruka, chakula nimepika mwenyewe hakipiti kooni, mume akiniuliza una nini nasema kichwa tu. Presha yangu hii mnayoiona nameza vidonge kila siku ilianzia pale, daktari hajaniambia hivyo lakini mwili ni wangu naujua.

Walikuja kuchukua cherehani siku ya Ijumaa watu wanatoka msikitini. Wakaibeba kichwani kupita barabara yote. Mume wangu akasimama mlangoni kimya mpaka wakakata kona, halafu akanigeukia akasema, "ungeniambia mwezi wa kwanza ningeuza baiskeli." Basi. Hakugomba. Baiskeli ilikuwepo pale ukutani muda wote, mi nimekaa nayo miezi minne naipangusa vumbi.

Mama yangu kule Muheza alikuwa anasema mficha uchi hazai, nimelisikia toka utotoni nikidhani ni maneno ya leba tu.

Kwahiyo wanangu ukishaona marejesho ya wiki hii unayatoa kwenye mtaji na sio kwenye faida, siku hiyo hiyo sema, usingoje uchukue wa pili. Mwambie nani? Kama mume ni muelewa mwambie yeye kwanza. Sasa najua sio kila mume, wengine ukimwambia anakupiga kabla hujamaliza sentensi, wewe huyo anza kwa shangazi, kwa dada yako, au kwangu, tutajua namna ya kumfikishia mzee akiwa ametulia. Halafu nenda kwa mkopeshaji kabla ya siku ya kulipa na mtu mzima wa kukushuhudia, mwambie siwezi elfu tisa naweza elfu nne, muandikiane. Wengi wakiona umekuja na miguu yako wanakaa kuongea, kwa sababu hela yao wanaitaka, godoro lako halitawasaidia kitu. Akikutukana na kukutisha, mwenyekiti wa serikali ya mtaa yupo na polisi wapo, msidhani kudaiwa ni kosa la jinai, mtu hana ruhusa ya kuingia ndani kwako kubeba vitu kienyeji kwa sababu tu unadaiwa.

Na kwa wenye nia ya kukopa, acheni kukimbilia mlango ulio karibu. Kikoba chetu kipo, kikundi cha kuweka na kukopeshana, kila Jumamosi, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, unanunua hisa zako, riba mnayolipana inarudi kwenu wenyewe siku ya kuvunja sanduku na kugawana, na mfuko wa jamii upo kwa mgonjwa na msiba. Mtindo huu ulianzia kwa kina mama wa Niger mwaka 1991, wengi wao hawakujua kusoma, wakaweza. Halmashauri nayo ina ile asilimia kumi ya mapato yake inayokopesha vikundi, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za wenye ulemavu, haina riba hata shilingi, ilisimamishwa 2023 ikarudi mwaka uliofuata. Inachelewa, makaratasi ni mengi, mnachoka kwenda na kurudi, sikatai. Lakini jiungeni kikundi muombe, afisa maendeleo ya jamii wa kata ndo kazi yake.

Nyie wenye umri wangu mnaosomewa hii na watoto wenu, nanyi nina neno. Watoto hawasemi kwa sababu sisi tunacheka. Binti akipita tunaanza barazani, huyo kala mikopo, huyo wanamtafuta, kiherehere cha simu kubwa. Nani aje kukwambia shida yake akishakusikia hivyo? Mimi mwenyewe nimekaa kwenye hayo mazungumzo, nimechangia, na kwa hilo naomba radhi kwenu wanangu.

Jumamosi hii baada ya kikoba sitafunga meza mapema. Mwenye jambo aje saa kumi na moja jioni, mmoja mmoja, nitaweka kigoda nyuma kule kwenye mkaa ambako watu hawapiti. Aje na daftari lake tupige hesabu, mjukuu ana kikokotoo. Hela ya kumlipia mtu sina, msije mkanielewa vibaya, ila masikio ninayo na mdomo wangu unafungika.

Na wewe uliyehama, kama barua hii itakufikia huko ulipo, ndoo yako na kile kiatu nimevitoa kwa mwenye nyumba, viko uvunguni kwangu. Vile vitumbua vya mkopo nimeshafuta kwenye daftari. Mtoto asitembee na kiatu kimoja, tuma hata bodaboda aje akichukue, sitamuuliza katokea wapi. Namba yangu ni ile ile.