Kaka, nitumie ile picha ya mamkubwa

Kaka yangu, assalamu alaikum.

WhatsApp nimeandika, tiki za bluu nimeziona, jibu sijaliona. Wifi ndiye alonambia kwamba huku ninakoweka picha zangu unapita kila nikiweka kitu kipya, na kwamba zile za futari za Ramadhani ulimwita na yeye aje azione, basi nami naandika huku huku unakopita. Wengine mnaosoma mtanivumilia, mmezoea kuja kwangu kuona bahari na mikono ya maharusi, leo nna neno na ndugu yangu.

Huku wazima. Nyumba ya mamkubwa niliifagia yote kabla ya masika, upande wa jikoni paa linavuja, bei ya mabati nilishakutumia. Mwembe umezaa sana, watoto wa jirani wanapopoa watakavyo na mie sina moyo wa kuwafukuza, maana yule aliyekuwa akiwagombeza ndiye huyo huyo aliyekuwa akiwagawia.

Sasa tuliseme lile.

Siku ya arobaini ya mamkubwa, mamako, hitma ishasomwa, wanaume washakula, natoka jikoni na sinia la vikombe vya kahawa ukaniita ukumbini. Ukasema "nipe simu." Hukusema mdogo wangu, hukusema njoo pembeni tuzungumze, nipe simu, mbele ya mjomba na wazee wote na yule sheikh aliyetoka mjini. Nikaweka sinia chini nikakupa, nilidhani unataka kumpigia mtu. Ukanambia ifungue, nikaifungua kwa kidole changu mwenyewe. Ukaenda Insta ukaifuta ile posti ya mamkubwa yuko pwani na mzigo wa mwani kichwani, ukaingia kwenye picha za simu ukafuta zote za asubuhi ile, moja moja, halafu ukaenda mpaka kwenye kapu la vilivyofutwa ukalimwaga. Yaani ulijua mpaka kapu lilipo! Na huku unafuta ulikuwa unasema, tena si kwa kelele, "mama yangu si kivutio cha watalii." Mjomba akaniangalia akasema mpe tu yaishe, ilhali nishakupa zamani. Ulipomaliza ukapangusa kioo kwa ncha ya kanzu, ukanirudishia, ukasema ahsante.

Hiyo ahsante haijanitoka. Ungenitukana ningejua nimetukanwa, ningelia yakaisha, lakini umenichukulia kitu changu mbele ya watu halafu ukanishukuru kana kwamba nimetoa kwa hiari yangu, na wazee wakaona mambo yamekwisha salama wakaomba kahawa.

Ile posti ningeweza kuirudisha, Insta inakuwekea ulichofuta siku 30, nilijua na sikuirudisha. Hiyo ilikuwa heshima yangu kwako hata kama hukuiona. Lakini zile za kwenye simu zilikuwa bado hazijapanda kwenye wingu, bando la huku unalijua, napandisha nikenda mjini penye waifai. Zimekwenda. Na zile hazikuwa za posti, watu walikuwa hawajaziona hata moja ila mie na wewe.

Nikwambie kuhusu kazi yangu kwa sababu naona wengi wenu mnadhani ni kunyanyua simu na kubofya. Mie nnapopiga picha ya mtu namuomba kwanza. Bibi harusi akisema piko na hina zionekane na uso usionekane, basi uso hauonekani, hata ile picha iwe nzuri vipi. Watoto wa madrasa nawapiga kwa nyuma, mikoba na juzuu, basi. Nikiona kiota cha kasa sitaji ni pwani gani, na loksheni kwenye kamera nimeizima kwa sababu simu inaandika ndani ya picha mahali hasa uliposimama, ukimtumia mtu faili lenyewe anafika mpaka kwenye mayai. Msitu wa Jozani naona watu wanajipiga selfi na kima punju yuko begani karibu, wanaposti, kesho yake wengine wanakuja wanataka na wao kima wa begani, na mnyama yule kwa asili hapatikani popote duniani ila Unguja hapa. Picha inaita watu. Kabla hujaiweka ujiulize inamwita nani na anakuja kufanya nini. Haya nawaambia wadogo wote wanaonifuata wanaotaka kuanza, na wewe nakwambia, unapowaweka wanao kwenye stetasi na sare za shule na jina la shule linasomeka kifuani, hebu fikiri.

Lakini mie sikufanya hayo kwa mamkubwa. Nilimuomba, akakubali, akafunga kanga yake vizuri, ushungi akaurudisha, akanambia subiri maji yapwe zaidi. Nilipoiweka nilimsomea maneno yote niliyoandika chini yake, akanisahihisha mahali. Niliandika jina lake kamili na la baba yake. Niliandika kwamba yumo kwenye mwani tangu mwanzo, tangu ulipoanza kulimwa kibiashara huku kwetu 1989. Niliandika kwamba ile kotonii, aina ya mwani yenye bei, haishiki tena kwenye maji mafupi, bahari imepata joto, inageuka nyeupe inakatika, wakabaki na aina ya pili, spinosum, ambayo kilo kavu ni shilingi mia kadhaa tu, na anayeitaka kotonii aifuate kwenye kina na wengi wao hawajui kuogelea. Hayo yote yalikuwa chini ya picha. Mama mmoja wa Ufilipino, kunakotoka mbegu yenyewe, aliandika komenti kwamba na kwao ni hivyo hivyo, kamba hizo hizo, mgongo unauma pale pale. Nilimfasiria mamkubwa akacheka akasema mwambie ajikande mafuta ya nazi na karafuu. Hicho ndicho kivutio cha watalii unachokisema?

Najua kilichokuudhi. Ni ile hoteli. Mtu kakutumia skrini shoti huko Maskati, mamako yuko pwani na mzigo kichwani na juu yake wameandika bei ya chumba. Kaka, hata mie niliona nikatetemeka mikono. Waliichukua bila ya kuniuliza, jina la mamkubwa wakalikata. Niliwaandikia mwenyewe usiku ule ule, nikawatajia Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya 2003, nikawaambia kesho nipo COSOZA, kwenye ofisi ya hakimiliki, asubuhi wakaitoa. Yote haya yalikwisha kabla wewe hujapanda ndege. Hukuniuliza hata neno moja. Mwizi kaja kuiba kwangu, halafu niliyefungwa ni mie.

Zile picha unazozichukia mie nazichukia kukushinda. Nenda katazame postikadi za zamani za Unguja, za kina Gomes na kina Coutinho waliokuwa na studio Mji Mkongwe enzi za masultani na Waingereza. Wanawake wamesimamishwa, kanga, vipini, nywele zimesukwa vizuri, na chini imeandikwa mwanamke wa Kiswahili, basi. Hana jina, hana mtaa, hana mtoto wa nani. Postikadi zile zinauzwa mpaka leo mtandaoni kwa wanaokusanya vitu vya kale. Mie nikiziona nasema huyu ni bibi wa mtu, na huyo mtu hajui hata kama bibi yake yuko kwenye kadi. Ndiyo maana naandika majina. Nikipiga anayesuka ukili naandika jina lake, nikipiga fundi wa nakshi za mlango naandika jina lake, mchokoa pweza naye pia. Kwa hiyo usinichanganye na wale.

Na kwetu picha si jambo geni. Bibi alipigwa pale Capital Art Studio kwa Oza, duka la tangu 1930, kakaa kwenye kiti na ua mkononi, na picha ile ilitundikwa ukumbini miaka yote, kila mgeni aliingia akaiona, muuza samaki kaiona, mkaguzi wa mbu kaiona, hakuna aliyesema bibi kaanikwa. Wewe mwenyewe mwaka ulioondoka uliipiga kwa simu ukaiweka ukaandika "nyumbani ni nyumbani." Nilikuwa wa kwanza kukulaiki.

Sasa nitakwambia neno ambalo nilitaka kukwambia siku ile na sikupata pa kulisemea. Mamkubwa alikuwa na kitochi. Hakuwa na pa kukuona. Aliyekuwa akikuona kupitia simu yangu ni yeye, kila Ijumaa baada ya sala nakaa naye barazani namfungulia, huyu mkubwa kashaota meno ya mbele, huyu mdogo kavaa kanzu ya Idi, hapa wako Mutrah, hapa wako Salalah kwenye khareef, msimu wa mvua wa huko, na kila mwaka khareef ikifika unajaza milima ya kijani na ukungu mpaka mamkubwa akawa anaijua Salalah kuliko Makunduchi. Wajukuu zake aliwajua kwa picha. Alikuwa anagusa kioo kwa kidole picha inakimbia, namrudishia. Siku moja akanambia "na mie nipige, waone bibi yao anafanya kazi gani." Yeye ndiye aliyesema. Ile asubuhi ya bamvua tulikwenda kwa sababu yake yeye na kwa ajili ya watoto wako.

Na ilipokwishawekwa, jioni akanuliza, watu wangapi wameniona leo? Namwambia, anasema ala! Kesho yake tena ananuliza. Alifurahi, kaka. Mwanamke yule kainama kwenye maji ya chumvi miaka yote hakuna aliyemuuliza jina, akawa anasomewa komenti na watu wanamwita mama.

Nadhani, na hapa utanikasirikia, wewe picha ile iliyokuuma si kwamba inamuonyesha mamako. Inaonyesha alikuwa anafanya nini mpaka mwisho. Huko Maskati watu walikuwa hawajui. Lakini mwani ndio uliolipa ada yako ya skuli na nauli yako ya kwanza ya kwendea huko, sote tunajua, na hela ulizokuwa ukimtumia zilikuwa zinafika wala sijasema hukumtunza, ulimtunza, kila mtu anasema. Yeye tu ndiye aliyekataa kukaa. Ukimwambia apumzike anasema mie nkikaa ntakufa. Si aibu yako ile. Ningekuwa mie ni wewe ningeitundika ofisini.

Utasema mamako ni mamako na mie ni mtoto wa mdogo wake tu. Kweli. Lakini ile "ndiyo" aliitoa yeye kwa mdomo wake akiwa hai na akili zake timamu, na mtu akifa mtoto anarithi nyumba na shamba na deni. Ile "ndiyo" yake hakukurithisha uje uigeuze "hapana". Hili nimelifikiri sana na sibadiliki. Niliyemlea kwenye ugonjwa mwisho mwisho ni mie, na nakwambia kwamba kitandani sikumpiga hata moja, wapo waliotaka, kuna jamaa yetu alikuja na simu kaishainyanyua nikamtoa mlangoni. Kwa hiyo najua pa kupiga na pa kuweka chini. Sikuhitaji kufundishwa mbele ya wazee.

Basi. Sitaki uniombe radhi mtandaoni na wala hapa sitaki watu wanaosoma wakuandikie maneno, kaka yangu mtu mwema, alinifundisha kuogelea, na kamera yangu ya kwanza kanunua yeye, alinitumia na mtu kutoka Maskati imeviringishwa ndani ya taulo. Ndiyo maana inauma hivi.

Ninachotaka ni kitu kimoja. Katika zile za asubuhi ile kuna moja ambayo mamkubwa kanigeukia, mwani uko chini, anacheka mpaka pengo linaonekana. Ile nilikutumia siku ile ile na ukajibu "mashallah mama kanawiri." Basi unayo. Panda juu kwenye mazungumzo yetu, iko chini ya ile sauti yake anapokusalimia na kuulizia kifua cha mtoto. Kama ulishabadilisha simu itafute kwenye bekapu.

Usinulize kama nitaiweka. Kwanza inakwenda ukutani, pembeni ya bibi. Nikitaka kuiweka nitakupigia wewe kwanza, na ukisema hapana tutabishana, ila tutabishana kwa mdomo na simu ikiwa mkononi mwangu.

Na tafadhali usinitumie kama picha ya kawaida. Ya asili ilikuwa pikseli 4000 kwa upana, WhatsApp iliibana ilipokuja kwako haizidi 1600, na ukinitumia vile vile itabanwa tena na mie nataka kuisafisha ya fremu kubwa. Bonyeza kile kialama cha kuambatisha, uchague dokumenti, ndipo uichague picha, itakuja kama ilivyo. Kama hujui namna yake muulize mwanao mkubwa, yeye anajua.