Kwa nini vitofali vya rejareja sasa tunaagiza mara moja tu kwa mwezi

Jumanne iliyopita kaka mmoja wa Kijitonyama alipanda ngazi za duka letu hapa Sinza, akatoa leso mfukoni, akaifungua polepole kama mtu aliyebeba jino la mtoto. Ndani kulikuwa na kitofali kimoja chekundu cha LEGO, vile vya plastiki vya kuchezea na kujengea. "Dada, nataka vya hivi mia mbili. Vipo?"

Nikakigeuza, nikasoma namba iliyochorwa kwa ndani: 3039. Ni kile cha mteremko, cha vinundu viwili kwa viwili, ambacho wajenzi wetu hukitumia kwa mapaa. Kaka anajenga mfano wa kanisa la Azania Front, lile la Kivukoni, na kila anayelijua anajua kwamba bila vigae vyekundu hakuna Azania Front. Dukani tulikuwa navyo kumi na tisa. Nikamwambia vilivyobaki vitachukua wiki sita, na atangulize nusu ya malipo. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa sukari imeisha nchini. "Mbona zamani mlikuwa mnaniletea kwa wiki tatu, na silipi mpaka nione mzigo?"

Ana haki ya kuuliza. Na si yeye peke yake, simu yangu imejaa swali hilohilo. Basi nalijibu hapa kwa wote.

LEGO wenyewe wanauza maboksi. Ukitaka seti nzima, tunakutafutia boksi, hadithi imeisha. Lakini wengi wenu wateja wetu watu wazima mmeshavuka hatua ya kufuata kitabu cha maelekezo. Mnajenga vitu vyenu: daladala, jahazi, nyumba ya bibi. Hapo hutaki boksi lenye kila kitu kidogokidogo, unataka kipande kimoja, rangi moja, mara mia mbili. Kwa hilo dunia nzima inakwenda BrickLink, soko la mtandaoni la vipande vya LEGO.

BrickLink ilianzishwa mwaka 2000 na shabiki mmoja, Daniel Jezek, ikiitwa BrickBay. Mwaka 2013 ikachukuliwa na watu wa kampuni ya michezo ya kompyuta ya Nexon, na Novemba 2019 LEGO wakatangaza kwamba wanainunua. Wateja wengi wanadhani ni duka. Si duka. Ifikirie Kariakoo: soko moja, lakini kila fremu ina mwenyewe na masharti yake. Huyu hauzi chini ya euro ishirini. Yule hataki oda ya kipande kimoja kimoja cha aina mia. Wa tatu ana vyote unavyotaka, kwa bei nzuri, halafu chini kabisa ameorodhesha nchi anazotuma, na Tanzania haimo.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Sera zimekuwa zikigeuka moja baada ya nyingine. Baada ya LEGO kulinunua soko, vitu vilivyotengenezwa na mafundi wengine, kama vile visilaha na helmeti za kuwavalisha vijitu vya LEGO, viliondolewa. (Wale mnaojenga vikosi vya jeshi, mlionifuata mwaka mzima: nilisema ukweli, havipo tena pale.) Novemba 2023 soko likazimwa siku kadhaa baada ya akaunti kuingiliwa na wahalifu wa mtandaoni. Tarehe 13 Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ukaanza kutumia kanuni mpya ya usalama wa bidhaa, na wauzaji wadogo walio nje ya Ulaya wakatakiwa kuwa na mtu wa kuwawakilisha ndani ya Umoja huo. Wengi wakaona usumbufu, wakaacha kutuma huko. Tarehe 29 Agosti 2025 Marekani nayo ikafuta msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya chini ya dola 800, posta za nchi nyingi zikasimamisha kupeleka vifurushi huko kwa muda.

Mtaniuliza: hayo ya Ulaya na Marekani yanatuhusu nini sisi wa Sinza? Moja kwa moja, hayatuhusu. Ule ushuru wa Marekani unalipwa kwa mzigo unaoingia Marekani, haulipwi kwa mzigo unaokuja Dar, na mtu akikuuzia kitofali ghali kwa kisingizio hicho, mkatalie. Lakini muuzaji wa chumbani kule Ubelgiji au Uholanzi, akishavurugwa mara mbili tatu, hukaa chini akaipitia upya orodha yake ya nchi. Nchi inayomletea oda mbili kwa mwaka ndiyo anayoikata kwanza. Nina daftari la wauzaji waliokuwa wakitutumia moja kwa moja. Nusu ya majina yale leo yamepigwa mstari.

Kwa hiyo vipande vingi sasa vinapitia kwa wakala wetu wa mizigo Uingereza. Wauzaji wanne au watano wanapeleka kwake, anakusanya, anafunga boksi moja, linakuja. Ndiyo wiki sita zenyewe: mbili za kusubiri wauzaji, mbili za wakala na ndege, na zilizobaki ni za hapa nyumbani na za bahati mbaya.

Sasa gharama. Kitofali cha kawaida cha mbili kwa nne kina uzito wa gramu mbili na kidogo, kilo moja inabeba zaidi ya mia nne. Uzito hautuumizi. Kinachotuumiza ni bahasha. Vipande vyako mia mbili vikitoka kwa wauzaji wanne, ni nauli nne za posta na masharti manne ya kiwango cha chini. Halafu mzigo ukifika, ushuru wa forodha haupigwi kwenye bei ya vitofali peke yake. Unapigwa kwenye bei ya mali pamoja na usafiri na bima, na juu ya jumla hiyo, ushuru ukiwa ndani, ndipo inakuja VAT ya asilimia 18. Maana yake ile nauli ya bahasha nayo inalipiwa kodi. Kuagiza kidogokidogo kila wiki ni kuchoma hela, yenu na yangu.

Ndiyo maana ya kapu. Oda zote za rejareja zinakusanywa, tarehe 25 ya kila mwezi tunafunga, tunanunua kwa mkupuo, na nauli inagawanywa kwa wote waliomo kulingana na thamani ya oda zao. Ni kama majirani wanaochangia Canter ya kuleta mchele kutoka Kyela. Anayetaka gunia lake peke yake lije leo atalipa Canter nzima, na kuna wateja wawili hufanya hivyo, sina ugomvi nao.

Malipo ya awali ni nusu, kwa Lipa Namba yetu ileile iliyobandikwa ukutani. Sababu yake naomba niseme bila kuzunguka: nimewahi kuachiwa mzigo. Vipande mia sita vya kijani cha mchanga, rangi ambayo haina mtu mwingine anayeitafuta, na mwenye oda akawa hapokei simu. Bei tunakupa kwa shilingi, maana tangu 2025 kanuni za nchi haziruhusu kutaja bei za hapa ndani kwa fedha za kigeni, na kwa kweli imetusaidia wote kuelewana. Ila sisi tunanunua kwa pauni na euro, kwa hiyo bei niliyokutajia inasimama siku saba. Usinirudie baada ya mwezi na picha ya meseji ya zamani.

Sasa nikiri kosa langu, kwa sababu limezaa sharti jingine.

Kuna mzee mmoja, mteja wetu tangu tuko kwenye meza ya sebuleni, anajenga nyumba ya bibi yake ya Bagamoyo: ukuta wa udongo, baraza mbele, paa la makuti. Akanitumia orodha safi kabisa, namba ya kipande na namba ya rangi. Kwenye rangi ameandika 5. Nikaenda BrickLink, nikachagua 5, nikalipa. Wiki sita baadaye mzee yuko mbele yangu, nafungua mfuko, vinamwagika vitofali 180 vyekundu kama nyanya za Ilala. Akavitazama. Akanitazama. "Mwanangu, hii ni nyumba ya bibi au ni kituo cha zimamoto?"

Tatizo ni kwamba kuna orodha mbili za rangi. LEGO wana namba zao, na BrickLink, iliyoanza kama kazi ya mashabiki, ina zake. Namba 5 ya LEGO ni rangi ya mchanga, ile ya udongo mkavu aliyoitaka mzee. Namba 5 ya BrickLink ni nyekundu. Nyekundu kwa LEGO ni 21. Nyeupe ni 1 kote kote, na ndiyo inayowadanganya watu wakadhani zote zinafanana. Kijivu ndicho balaa kabisa, kwa sababu mbali na namba kuna kijivu cha zamani na hiki chenye ubuluu kilichokichukulia nafasi mwaka 2004 hivi. Ukivichanganya kwenye ukuta mmoja, utaona mabaka kila ukiwasha taa.

Hasara ya vile 180 niliibeba mimi, na vya mchanga nikamletea mzee kwenye kapu lililofuata. Tangu hapo sipokei orodha yenye namba tupu. Andika namba, andika umeitoa orodha gani, na andika rangi kwa maneno: "kama mchanga", "kama chai ya maziwa", vyovyote. Ukiweza, njoo na kitofali chenyewe kama kaka wa Kijitonyama. Leso si lazima.

Wengine mmeamua kupita njia ya mkato, mnanunua mifuko ya vitofali vya mtumba mjini kwa kilo, kisha mnaniletea nichambue. Kazi hiyo tunaifanya, ila tuelewane kuhusu neno feki. Hataza ya kitofali, yaani haki ya kisheria ya aliyekivumbua, ni ya tarehe 28 Januari 1958 na muda wake ulikwisha zamani. Mwaka 2010 mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya ilikataa umbo la kitofali lisajiliwe kama alama ya biashara ya LEGO. Kwa hiyo kampuni nyingine kutengeneza kitofali kinachoshikana na cha LEGO si wizi. Wizi ni kunakili seti nzima, boksi na jina. Ukitaka kujua ulicho nacho, tazama vinundu vya juu kwenye mwanga wa pembeni: cha LEGO kina jina limechorwa juu ya kila kinundu. Kisipokuwa nalo, mimi nakitenga kwenye ndoo yake. Sikitupi, ni mali yako, lakini sikichanganyi na mzigo nitakaomuuzia mtu mwingine.

Hili linanileta kwa wale wa Pokémon, vile vijinyama vya katuni ya Kijapani, mlionisumbua tangu 2025 LEGO walipotangaza kwamba inakuja. Seti za kwanza zimeingia sokoni 2026. Vile vya Pokémon mlivyonavyo nyumbani vya miaka ya nyuma ni vya MEGA, chapa ya vitofali ya kampuni ya Mattel, si LEGO, wala si feki. Vinashikana vizuri, ila usiviweke kwenye oda ya kuuza kwa jina la LEGO, nitavitoa.

Kuhusu seti nyingine mpya, nitasema ninavyoona mimi. Magari ya Formula 1 yaliyotoka 2025, timu zote kumi, yanatoka haraka na yana vipande vizuri vidogo kwa wanaojenga daladala. Maua ya vitofali bado ndiyo yanayolipa kodi ya fremu yetu. Tangu yaanze 2021 hayajawahi kukaa rafu zaidi ya wiki mbili, na wanunuzi wake wengi hawajioni kama mashabiki wa LEGO hata kidogo, wanatafuta zawadi ya kitchen party. Hayahitaji maji, ila vumbi la barabara ya Shekilango halichagui ua, nunua brashi laini ya kupaka rangi. Na usiyaweke dirishani: jua letu linageuza vyeupe vikawa rangi ya siagi. Titanic ya vipande 9,090 ninaweza kukuagizia, lakini nitakuuliza kwanza una meza gani. Ina urefu wa sentimita 135. Mteja mmoja aliijenga kwenye meza ya kulia chakula, na nasikia familia inakula mkekani mpaka leo.

Kapu la mwezi huu limeshapata oda kumi na moja, pamoja na mapaa ya Azania Front. Linafungwa tarehe 25 saa kumi na mbili jioni, na ukichelewa utaingia la mwezi ujao hata kama ni wewe uliyeniuzia meza. Vile vyekundu 180 bado vipo, kwenye kopo la maziwa ya unga nyuma ya mlango. Kaka wa Kijitonyama alivikagua, akasema ni vya ukuta, si vya paa. Kama kuna anayejenga kituo cha zimamoto, nitampa kwa bei niliyonunulia.