Kompyuta imegoma kuhamia Windows 11? Jua kwanza imegomea wapi

Konsoli ya Configuration Manager (programu ya Microsoft ya kusimamia kompyuta nyingi za ofisi kwa pamoja) ikionyesha orodha ndefu ya kompyuta zilizoshindwa, wengi hubonyeza kurudia na kusubiri. Ni kupoteza usiku mzima. Kushindwa huko kuna sura tatu: kompyuta ambayo haikuanza kabisa, iliyojikagua ikakataa, na iliyoanza kisha ikarudi kwenye Windows ya zamani. Dawa ya moja haitibu nyingine.

Ambayo haikuanza, tazama kache kwanza, yaani nafasi ya kuhifadhi kwa muda mafaili yanayopakuliwa. Kwa kawaida kache ya Configuration Manager kwenye kila kompyuta huwa MB 5120, na kifurushi cha Windows 11 kinaweza kuzidi hapo. Kosa 0x87D01202 maana yake ni hiyo tu. Ongeza hadi MB 20480, subiri kompyuta ipokee sera mpya, ndipo urudie. Kama kache haina shida, kagua dirisha la matengenezo, yaani muda uliotengwa wa kusakinisha. Kazi iliyopangiwa dakika 120 haianzi ndani ya dirisha la dakika 90, na hutaona kosa lolote. Inasubiri tu, wiki baada ya wiki.

Iliyokataa kwa 0xC1900200 haijatimiza masharti: TPM 2.0 (chipu ya usalama), UEFI (programu ya msingi inayowasha kompyuta) yenye Secure Boot, RAM GB 4, diski GB 64 na prosesa inayokubaliwa na Microsoft. Usiitupe haraka. Mara nyingi TPM ipo, ila imezimwa kwenye mipangilio ya UEFI. Diski ya MBR (mpangilio wa zamani usioendana na UEFI) nayo hugeuzwa kwa mbr2gpt /convert /allowFullOS bila kufuta data (nakala rudufu ni lazima hata hivyo, na BitLocker, ulinzi wa diski kwa usimbaji, isimamishwe kwanza). Prosesa ya zamani haina ujanja: badilisha kompyuta, maana msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ukiona 0xC190020E, ni nafasi ya diski, safisha uendelee.

Kazi ipo kwenye 0xC1900208, yaani kuna programu au draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa) inayozuia, na konsoli haikutajii ni ipi. Jibu limo kwenye kompyuta yenyewe. Fungua folda iliyofichwa C:\$WINDOWS.~BT\Sources\Panther, chukua faili la karibuni kabisa linaloanza na CompatData, kisha utafute BlockMigration="True". Kama mzuiaji ni draiva, mstari huo utakuwa na jina kama oem27.inf, jina lisilosema chochote. Endesha pnputil /enum-drivers uone mwenye draiva hiyo ni nani. Isikushangaze ikiwa ni printa iliyokwisha kutupwa au VPN isiyotumika tena. Iondoe:

pnputil /delete-driver oem27.inf /uninstall

Washa upya, kisha kagua bila kusakinisha, kwa setup.exe ya Windows 11:

setup.exe /auto upgrade /quiet /eula accept /compat scanonly

Likirudi 0xC1900210, usishtuke. Linafanana na kosa, lakini maana yake njia ni nyeupe.

Iliyorudi nyuma huacha 0xC1900101 pamoja na namba ya pili, kama 0x20017 au 0x30018. Soma tarakimu ya kwanza baada ya 0x: 2 ni kabla ya Windows mpya kuwaka, 3 ni kuwaka kwa mara ya kwanza, 4 ni mara ya pili. Mshukiwa wa kwanza ni draiva. Chomoa vifaa vyote vya USB isipokuwa kibodi na kipanya, sasisha firimwea na draiva za diski, na ujaribu kuondoa antivirusi ya nje kwenye kompyuta moja tu kabla ya kuigusa ofisi nzima. Halafu soma C:\Windows\Logs\SetupDiag\SetupDiagResults.xml, ambalo mara nyingi hutaja chanzo kwa jina.

Ukitaka tukushughulikie, tutumie faili hilo, folda ya Panther na smsts.log (kumbukumbu ya hatua za Configuration Manager), vyote kutoka kompyuta moja iliyoshindwa. Picha ya konsoli haitusaidii.