ED yangu ilikuwa ya kweli

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu ya Jumanne ya wiki iliyopita, ya waajiri kulia na ED za kughushi, yaani zile karatasi za daktari za kumpumzisha mgonjwa asiende kazini, nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nikiwa kibandani nauza maandazi. Mara ya pili nilimsomea jirani yangu, na ya tatu nikaikata kwa mkasi nikaihifadhi ndani ya kaunta buku yangu. Gazeti lenu nalisoma tangu binti yangu mkubwa yuko darasa la pili, na leo ana watoto wawili. Miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Mwandishi wenu amehoji waajiri watatu, afisa utumishi mmoja na daktari mmoja. Mfanyakazi hayumo hata mmoja. Anayeisoma habari ile atadhani viwandani mwetu watu wanaugua kwa kupenda, wananunua karatasi mtaani na kwenda kulala nyumbani huku mshahara unaingia. Sikatai, ED za kughushi zipo, na anayezitengeneza afikishwe mahakamani. Lakini kuna swali lilikuwa wazi kabisa na halikuulizwa: ni wangapi katika wanaoingia getini ambao ED zao za kweli, zenye mhuri na saini ya daktari, zinapokelewa? Kibarua hana sababu ya kughushi ED. Hata ukimpa kumi, hazimlipi shilingi.

Nilifunga mikate miaka sita, kuanzia 2014 hadi 2020, katika kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Nyerere ambacho sitakitaja jina. Kila jioni saa kumi na moja tulijipanga getini. Msimamizi alitoka na orodha, akaita majina. Ukiitwa unaingia, unafanya kazi hadi alfajiri saa kumi na mbili kwa shilingi 6,000. Usipoitwa unarudi Vingunguti kwa miguu. Malipo yalikuwa Jumamosi. Na kila baada ya miezi mitatu tulipumzishwa wiki mbili, kisha tukaitwa tena walewale, tukapewa kadi mpya na namba mpya, kana kwamba hawajawahi kutuona.

Mei 2019, wakati dengi imeshika jiji, na mimi ikanipata. Aliyewahi kuiugua anaijua: macho yanauma kwa ndani ukiyageuza, na viungo ni kama vimetwangwa kinuni. Daktari wa zahanati aliniandikia ED ya siku tano, akanionya nisimeze asprini wala diklofenaki. Nikamtuma mwanangu aipeleke getini. Msimamizi akaisoma, akaikunja mara nne, akamrudishia mtoto. "Mwambie mama yako kibarua hana ED. Akipona aje ajipange." Karatasi ile ninayo hadi leo, na mikunjo yake minne bado inaonekana.

Siku ya kwanza na ya pili nililala. Ya tatu nikaanza kuhesabu. Kodi ya chumba ilikuwa inadaiwa, unga umebaki wa siku moja, na shilingi 18,000 zilikuwa zimeshanipita. Homa ilikuwa imeshuka, nikaona nimepona. Sikujua kwamba kwa dengi, homa inaposhuka ndipo mtu anapotakiwa kuangaliwa zaidi. Nikaenda kujipanga, nikaitwa. Usiku ule, kama saa nane, nimesimama kwenye meza ya kufungia baada ya mashine ya kukata slesi, damu ikaanza kunitoka puani. Sikuisikia ikitoka. Niliiona kwanza juu ya mkate, tone moja, halafu la pili, kwenye ule upande mweupe uliotoka kukatwa, na mkono wangu ukawa unafuta wenyewe kabla akili haijaelewa. Mwenzangu wa upande wa kulia ndiye aliyepiga kelele. Wakazima mashine. Mikate kumi na minne ikatupwa kwenye pipa la buluu, na mimi nikakalishwa juu ya gunia la unga nimeinamisha kichwa mpaka kukapambazuka, kwa sababu usiku geti halifunguliwi. Jumamosi nilipofika dirishani kupokea malipo, nikakuta bei ya mikate kumi na minne imekatwa.

Hapo ndipo damu yangu inapochemka hadi leo, Mhariri, na naomba mnivumilie. Mtu ana karatasi ya daktari inayosema asifanye kazi siku tano. Karatasi hiyo imekataliwa na yule anayejua wazi kwamba tukikosa siku tatu tutarudi tukiwa hoi, kwa kuwa yeye ndiye anayetulipa na anajua tunalipwa kiasi gani. Mtu huyo anaingia, anasimama kwa muda wa saa nane, mwili unamshinda, na hasara ya kushindwa kwake anabebeshwa yeye! Na siyo mimi peke yangu. Mwaka mmoja kabla, mwenzetu aliharisha wiki nzima na hakukosa zamu hata moja, akitoka chooni anarudi mezani kufunga mikate. Mwingine alikohoa miezi miwili huku amejifunga leso mdomoni, na alipoanguka ndipo tukajua ni kifua kikuu. Tulikuwa watu kumi na wanane kwenye chumba kile, madirisha yamefungwa vumbi la nje lisiingie. Dengi haiambukizwi kwa mkate, daktari alinihakikishia. Lakini kuharisha? Kikohozi kile? Mikate ile ilipakiwa alfajiri ikaenda Buguruni, Tabata, Gongo la Mboto, ikaliwa na watoto wanaokwenda shule. Ilifika pia mezani kwa afisa utumishi mliyemhoji, na yawezekana mezani kwenu. Wanaodhani likizo ya ugonjwa ni hisani kwa mfanyakazi wafikirie nani amewashikia chakula chao leo, na kama alikuwa na ruhusa ya kusema anaumwa.

Sasa nije kwenye sheria, maana mwandishi wenu ameigusa kwa sentensi moja na kuendelea na safari yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 32, inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza analipwa mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu, mradi alete cheti cha daktari. Ni siku nyingi. Wenzetu wa Kenya, kwa sheria yao ya 2007, wanahakikishiwa siku saba za mshahara kamili na saba za nusu kwa mwaka. Lakini Mkenya anaanza kuzistahili akitimiza miezi miwili kazini. Sisi kifungu cha 29 kimeweka miezi sita, na miezi sita hiyo ndiyo iliyozaa ule mchezo wa mitatu mitatu. Walioutunga mchezo huo wanaijua sheria kuliko sisi.

Tena kifungu hichohicho kinaendelea kusema kwamba aliyeajiriwa zaidi ya mara moja ndani ya mwaka na mwajiri yuleyule, vipindi vyake vikijumlishwa na kuzidi miezi sita, naye anastahili likizo yenye malipo. Mimi nilikuwa nafanya kazi miezi kumi kila mwaka! Haki nilikuwa nayo usiku ule nimekaa juu ya gunia. Nilikuja kuijua mwaka 2021, mpwa wangu anayesoma sheria aliponisomea na kunitafsiria. Nikamuuliza niende wapi. Akasema CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi, ila mgogoro wa namna hiyo unapelekwa ndani ya siku 60. Zangu zilikuwa zimepita zamani.

Na hilo la kutafsiriwa nalo linanikera. Sheria inayomhusu mfunga mikate, mbeba mizigo na mfagizi iliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, tukashangilia. Sheria hii ya 2004 inamtaka mwajiri aweke tangazo la haki za wafanyakazi mahali panapoonekana. Katika miaka sita pale getini nimeona matangazo mawili tu: LEO HAKUNA KAZI, na USITEME MATE. Maafisa kazi wa serikali wakija kukagua wanapitia geti la mbele, lenye maua, wanapewa soda, wanaonyeshwa mafaili ya walioajiriwa. Geti letu lilikuwa la nyuma. Na yule dada anayelea watoto wenu majumbani hana hata geti la nyuma. Akiugua siku nne anapandishwa basi arudi kwao Singida, na wiki inayofuata analetwa mwingine.

Nawasikia waajiri wadogo wakisema hawana uwezo wa kumlipa anayefanya kazi na anayeumwa kwa pamoja. Hilo naliheshimu, na mimi na kibanda changu nina msichana mmoja wa kunisaidia. Lakini utaratibu wa kugawana mzigo tunao tayari. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi umekuwa ukipokea michango ya waajiri tangu 2015, na mwaka 2022 mchango wa sekta binafsi ulishushwa hadi asilimia 0.5 ya mishahara. Mfuko huo unalipa anayeumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Mbu aliyeniuma sijui aliniuma wapi, kwa hiyo haukunihusu. Asilimia nyingine ndogo kama hiyo, kwa ajili ya ugonjwa wa kawaida, haiwezi kumfilisi mtu.

Ninachopendekeza ni hiki, na nimekifikiria miaka mingi nikisukuma chapati. Miezi sita ifutwe. Kila kibarua akifanya kazi siku 20, popote pale, apate siku moja ya kuugua yenye malipo. Siku hizo ziandikwe kwenye kadi ngumu, ukubwa wa kadi ya kliniki ya mtoto, kwa kalamu ya wino, na kadi ikae kwa mfanyakazi, isikae ofisini. Wiki mbili za kupumzishwa zisifute kilichoandikwa. Na kwa siku mbili za kwanza mtu asidaiwe ED, kwa sababu kumtoa mwenye homa kitandani akapange foleni nusu siku na kulipia kumwona daktari, ili tu aandikiwe kwamba anahitaji kulala, ni kumuongezea ugonjwa. Naamini hata hizo za kughushi mnazozilalamikia zitapungua, maana nyingi zinanunuliwa na watu wanaoumwa kweli ila hawana nauli ya hospitali.

Ile kaunta buku niliyoitaja ni ya kwaya mbili. Ndani yake tumeandika majina 212 ya vibarua na waliowahi kuwa vibarua, wa mikate, sabuni, plastiki, na kina mama wa kuchambua korosho. Waliojua kusaini wamesaini, wengine wameweka dole gumba. Ikifika 500 tunaipeleka kwa mbunge wetu ili apeleke hoja bungeni. Baadhi wameomba majina yao yasionekane gazetini wakihofia kutoitwa jioni, kwa hiyo siwezi kuwatumia nakala. Lakini mwandishi wenu anaweza kuja kuisoma kibandani kwangu. Aje siku ya kazi, na asiishie kwangu. Saa kumi na moja jioni nitampeleka hadi geti la nyuma, asimame nasi kwenye mstari, atazame walioitwa na wasioitwa, na awaulize wanaokohoa kwa nini wamekuja.

Mfunga mikate wa zamani,
Vingunguti, Dar es Salaam