Stendi za shabaha za shotgani: chuma kikae chini, mbao ndiyo ipigwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wasimamizi wa viwanja vya shabaha, hasa vile wanakofanyia mazoezi ya shotgani walinzi wa makampuni binafsi, askari wa wanyamapori na wawindaji wenye leseni. Mara nyingi stendi za kushikia shabaha hujengwa kana kwamba zitapigwa kwa bastola tu. Fundi huambiwa atengeneze kitu kigumu, naye hutia chuma kuanzia chini hadi juu. Matokeo yake chuma hupinda, na kibaya zaidi, hurudisha marisaa, yaani vile vipunje vidogo vinavyotoka kwenye risasi ya shotgani, kwa mpigaji.

Mtutu usiobana mdomo, yaani usiopungua upana kwenye ncha, hutawanya marisaa kwa takriban sentimita 2.5 hadi 3 kwa kila mita. Kipimo cha kawaida cha mtawanyiko ni duara la sentimita 76 kwa umbali wa mita 36 na nusu hivi. Mtutu uliobana kabisa huingiza humo kama asilimia 70 ya marisaa, na usiobana huingiza kama asilimia 40. Kwa hiyo hata mpigaji hodari asiyekosea katikati atakuwa na asilimia 30 hadi 60 ya marisaa yanayotua nje ya duara, na fremu ndiyo iko huko. Hakuna namna ya kujenga fremu isiyoguswa. Ijengwe ili ikiguswa isidhuru mtu, na ibadilishwe kwa bei ya kipande cha mbao.

Stendi inayodumu ina chuma chini tu, kimo kisichozidi sentimita 25, na juu yake ni mbao mbili za kuchomeka. Kwa kitako nunua bomba la mraba la milimita 40 kwa 40. Kila stendi inataka miguu miwili ya sentimita 80, ikilala mbele na nyuma, na kipande cha sentimita 110 cha kuiunganisha. Jumla ni mita 2.7, hivyo bomba moja la mita 6 linatoa vitako viwili. Katikati ya kila mguu chomelea soketi iliyosimama: bomba la mraba la milimita 60 kwa 60, unene milimita 3, urefu sentimita 20.

Soketi ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Fundi hupenda kuchukua bomba linalobana mbao sawasawa. Siku ya kwanza inapendeza, lakini mvua ikinyesha mbao inavimba na haitoki tena ila kwa patasi. Bomba la 60 lina nafasi ya milimita 54 ndani, na mbao ya inchi mbili kwa mbili inakaa na uwazi wa kutosha. Ili isicheze, toboa tundu la milimita 14 upande wa nyuma wa soketi, weka nati ya M12 (ya bolti nene milimita 12) juu yake na uichomelee. Kabla ya kuchomelea funga bolti iliyopakwa grisi ndani ya nati, la sivyo cheche zitaganda kwenye nyuzi. Kichwa cha bolti kichomelewe kipande cha nondo kiwe mpini, mtu akaze kwa mkono bila kutafuta spana. Toboa pia tundu la milimita 10 chini kabisa ya soketi. Bila tundu hilo maji hutuama na mbao huoza mahali usipopaona. Ncha za mabomba zizibwe kwa vibati, kwa sababu nyigu hupenda kujenga humo.

Nguzo, yaani zile mbao mbili za kuchomeka, ziwe za paina, kama ile inayotoka shamba la miti la Sao Hill, Iringa. Mbao ngumu inaonekana bora dukani, ila hupasuka kwa urefu na inaweza kudundisha marisaa madogo. Paina huyameza au huyapitisha. Mbao moja ya futi 12 inatoa nguzo mbili za mita 1.8. Kitovu cha shabaha kikiwa mita 1.3 kutoka ardhini, nguzo italiwa zaidi hapo. Ikifikia nusu ya unene, igeuze juu chini: sehemu iliyoliwa itashuka hadi kama sentimita 60, nawe utaitumia tena kwa muda mrefu.

Weka mti mwembamba wa kukingama juu kabisa na mwingine kwenye kimo cha goti. Usiweke chochote nyuma ya kitovu. Miti hiyo ifungwe kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Misumari na bolti hupasua mbao inapotikiswa, na kichwa cha msumari kikipigwa kinaweza kuruka. Tyubu hunyumbulika, na ikikatika unafunga nyingine hapo hapo.

Kwa kuegemeza karatasi, boksi la katoni linafaa wakati wa kiangazi, mistari yake ya ndani ikisimama wima. Masika halifai. Bango kuukuu la turubai, yale ya matangazo na kampeni, halinywi maji na hustahimili matundu mengi kabla ya kuchanika. Livute liwe kaza, ulipige stepla kwenye miti ya juu na ya chini, kisha karatasi ya mita moja kwa mita moja ikae mbele yake. Kwa umbali chini ya mita 10 tegemea kikombe cha plastiki kinachobeba marisaa kupiga katikati na kutoboa tundu kubwa. Hiyo si kasoro ya bango, na shimo lizibwe kwa kiraka ili hesabu ya marisaa isichanganyike.

Upepo wa mita 10 kwa sekunde husukuma shabaha ya ukubwa huo kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 7 hivi. Kwa miguu ya sentimita 80, stendi inataka kilo 24 hivi isianguke, na upepo ukipuliza kwa mikupuo inataka zaidi. Viroba vinne vya mchanga, kilo 15 kila kimoja, vinatosha: kimoja mbele na kimoja nyuma ya kila soketi. Vile vya mbele vinakinga chuma pia. Mchanga uchekechwe, kwa kuwa kokoto hurudisha marisaa vibaya kama chuma.

Sahani za chuma za kulengwa zisining'inizwe kwenye stendi hii, na kamwe zisipigwe kwa marisaa ya chuma, punje kubwa wala risasi moja nzima ya shotgani. Miwani ya kinga ivaliwe na kila aliyepo, hata mtazamaji. Tuta la udongo nyuma ya shabaha ni lazima, maana karatasi haizuii kitu, na marisaa madogo ya namba 7 huweza kufika mita 200.

Kitako kipigwe brashi ya waya, kisha rangi ya kuzuia kutu, hasa kwenye maungio. Baada ya mazoezi nguzo zing'olewe zihifadhiwe chini ya paa, juu ya matofali, mchwa wasizifikie. Anayezibeba anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwa kuwa marisaa ya madini ya risasi yaliyonasa humo ni sumu.

Msomaji wako,
Morogoro